Uso wa Sanamu ya Bustanini

Siku hizi nikitoka kazini nakatisha bustanini. Naingilia lango la chini, napita kando ya bwawa, napita chini ya lile banda la saruji lililokunjwakunjwa kama karatasi, natokea lango la juu, nimefika kwangu. Zamani nilikuwa nazunguka. Nilitembea nje ya ukuta wa bustani kutoka mwanzo hadi mwisho, liwe jua, iwe mvua, miguu imevimba kwa kusimama tangu asubuhi, na sikuthubutu hata kugeuza shingo kuchungulia ndani. Watu walidhani nafanya mazoezi. Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Dada, unajitunza kweli." Sikuwa najitunza. Nilikuwa namkimbia mwanamke wa saruji.

Mimi ni mfuaji wa hospitali. Shule sikwenda; walipelekwa kaka zangu, mimi nikabaki kubembeleza watoto wa watu. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni, kwa hiyo nasoma taratibu na naandika taratibu, lakini kukumbuka sikumbuki taratibu. Nikitendewa jambo linakaa.

Chumba chetu cha kufulia kiko chini kabisa, nyuma ya jiko la hospitali. Kuna mashine za kufua upande mmoja, za kukausha upande mwingine, na katikati pasi ya rola, ndefu kuliko kitanda, inayomeza shuka huku na kulitema kule likiwa moto. Shuka likitoka linakunjwa na watu wawili. Wewe unashika pembe zako, mwenzio anashika zake, mnavuta, mnakung'uta, mnasogeleana, unampa pembe zako, unainama kuokota mkunjo, mnarudi nyuma tena. Ni kama ngoma isiyo na wimbo. Ukigombana na mwenzio wa kukunja, kazi haiendi, maana kila mara lazima mkutane uso kwa uso.

Mwenzangu tunamwita Redio. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Nilipoanza kazi hiyo nilikuwa na mume. Alikuwa fundi wa plasta, mtu wa maneno matamu na viatu safi. Ukimwona Jumapili huwezi kujua kwamba wiki nzima alikuwa amefunikwa na vumbi jeupe. Jiji lilipoamua kugeuza ule uwanja wa magugu kuwa bustani, waliletwa wachora ramani wa majengo, waliletwa wachongaji, wakatafutwa na mafundi wa kuwasaidia. Mume wangu akapata. Tulifurahi. Nilikuwa naondoka kazini wakati wa mapumziko, binti yangu mgongoni, nampelekea chakula kwenye kopo la bluu. Mlinzi hakuniruhusu kuingia. Nilikuwa nakabidhi kopo langoni na kupokea tupu la jana.

Tulikuwa na jirani. Nitamwita Sukari, kwa sababu ndivyo alivyoingia nyumbani kwangu. Alikuwa anakuja na kikombe. "Shoga, nisaidie sukari kidogo tu." Nampa. Kesho yake tena. Nampa. Alianza kwa kuazima sukari, akamalizia kwa kuazima mume, na mpaka leo sijarudishiwa hata kimoja.

Siku mume wangu alipohama mimi nilikuwa kazini. Asubuhi nilikuwa nimefua nguo zake, nimezianika uani. Niliporudi kamba ilikuwa tupu. Alizichukua mbichi, zinachuruzika, njia nzima hadi barabarani kulikuwa na alama ya matone. Vibanio alivipanga vizuri ndani ya beseni, kana kwamba huo ndio uungwana. Binti alikuwa bado anatambaa. Nilikaa kizingitini nikitazama yale matone yakikauka.

Kuachwa niliweza kukumeza. Wanawake wengi wameachwa na wanaishi. Kilichonikaba ni kile kilichofuata. Kabla hawajahamia mji mwingine, Sukari alipita nyumba hadi nyumba akiaga, na kila alipofika alikuwa na tangazo.

"Ile sanamu kubwa katikati ya bustani, ya mama na mtoto? Mkaitazame uso. Ni mimi yule. Mume wangu kaniweka pale. Nyie mtazeeka, mimi nitabaki vile vile."

Sikuamini. Bustani ilipofunguliwa nikamtuma Redio, kwa kuwa mimi mwenyewe miguu ilikataa. Kesho yake tukiwa tunakunja, aliniangalia juu ya shuka kwa macho ya msibani.

"Dada, nimeiona."

"Enhe?"

"Ni yeye. Pua ni yake, midomo ni yake, mpaka kile kidoti cha shavuni kipo."

"Kidoti?"

"Kidoti, dada. Nakuapia."

Nikaachia pembe, shuka likaanguka sakafuni, ikabidi lirudi kwenye mashine.

Fikiria mwenyewe. Mji mzima unapita pale. Watoto wanapelekwa na walimu wao, wageni wanakuja na kamera kutoka mbali kutazama majengo na sanamu, na wote wanainua macho kumtazama mwanamke aliyenijia na kikombe mkononi. Na mkono uliomtengeneza ulikuwa umeshiba chakula changu, kwenye kopo langu la bluu. Nikaapa sitakanyaga humo. Na nyumbani kwangu neno bustani likawa kama tusi. Binti alipokuwa darasa la chini walipelekwa kutembea huko, akarudi anarukaruka, "Mama, kuna sanamu moja kubwa..." Nikamwambia nyamaza, kula. Alinyamaza, akala. Hakulitaja tena.

Hakulitaja hadi mwaka huu.

Binti yangu ni mwalimu wa chekechea, na mchumba wake ni fundi umeme, kijana mpole anayebisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Harusi ilikuwa imekaribia. Jioni moja nilikuwa napasi gauni lake, yeye amekaa kitandani anakata kucha. Nikahisi ana jambo, kwa sababu alikuwa anakata ukucha mmoja muda wote.

"Mama."

"Sema."

"Picha tutapigia bustanini."

Nikaendelea kupasi.

"Pale kwenye ile sanamu ya Mama. Pana nafasi, pana kivuli, mpiga picha anasema mwanga ni mzuri."

"Mpigwe vizuri. Mimi nitawasubiri ukumbini."

"Mama, baba anakuja."

"Ni haki yake."

"Na mama mdogo anakuja naye."

Pasi nikaisimamisha. Mama mdogo! Jina hilo sikulitoa mimi. Lakini mtoto hana kosa, alifundishwa adabu, na aliyemfundisha ni mimi.

"Picha ya wazazi lazima iwepo," akasema. "Ukweni wamesisitiza. Baba kushoto kwangu, mama kulia. Usipokuja wewe, mama mdogo atasimama. Siwezi kuacha pengo, mama. Watu wataona pengo maisha yote."

"Kumbe mmeshapanga."

"Sijapanga. Nakuomba."

Alitoka chumbani bila kuaga. Nikabaki na gauni. Nililipasi mpaka likawa halina pa kupasi.

Sasa tazama nilivyobanwa. Nisipoenda, Sukari anachukua na nafasi hiyo, anasimama kulia kwa mtoto niliyembeba mgongoni. Nikienda, nasimama chini ya uso wake, na mwenyewe yupo pembeni anajitazama juu na chini kama mtu aliyezungukwa na vioo. Mtoto wangu atakuwa na picha ukutani, na kila nitakapomtembelea nitamkuta yule mwanamke yupo mara mbili.

Kazini nilimweleza Redio. Yeye alikuwa na jibu kabla sijamaliza.

"Usiende. Ukienda umejidhalilisha."

"Na binti?"

"Mwambie unaumwa. Mgongo. Nani atabisha mgongo wa mfuaji?"

Lilikuwa shauri zuri, na kwa muda nilianza kweli kuusikia mgongo ukiniuma. Lakini usingizi haukuja na shauri hilo. Nikaona heri niende kwanza peke yangu, kabla ya siku. Kama ni kulia nilie bila kamera. Kama ni kutukana nitukane saruji, ambayo haiendi kusimulia. Nikiisha kuiona, labda siku ya picha nitaweza kusimama.

Alhamisi nilibadilishana zamu. Nikavaa viatu vyangu vya harusini, sijui kwa nini, nikapiga moyo konde, nikaingia lango la chini.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni uzuri. Nilikuwa nimeifikiria bustani ile kama mahali pa giza, kumbe ni mahali pa majani mafupi na hewa. Kuna ukuta mrefu uliobandikwa vipande vya vigae vya kila rangi, watoto wanaupapasa wakitembea. Kuna chuma kirefu chekundu kimepindwa kama uma uliokanyagwa na gari. Nilisimama nikatafuta maana yake, nikakosa, lakini ndege wawili walikuwa wamekaa juu yake wameridhika. Kuna lile banda la saruji lisilo na nguzo katikati. Paa lake limekunjwa kwa mistari iliyonyooka, pana huku, jembamba kule, na nilipopita chini yake nilijikuta natazama mikunjo ile kama natafuta pembe za kushika. Wageni walikuwa wamelala chali sakafuni wanalipiga picha. Nikajisemea, kumbe kukunja ni jambo la kusafiria.

Nikasogea katikati. Kwanza nikaona mgongo. Mwanamke mkubwa wa saruji nyeupe, amekaa chini, urefu wake ghorofa moja na zaidi, mabega mapana, shuka limemzunguka kiunoni. Ilibidi kuzunguka ili kumwona mbele. Nikainamisha macho, nikazunguka nikitazama viatu vyangu. Nikaona vidole vya miguu yake, kila kimoja kikubwa kama mto wa kulalia, na kucha zimechongwa. Nikapanda na macho: magoti, mtoto amelala mapajani, mikono imemzunguka, vifundo vya vidole, hata mshipa wa mkono upo. Kifua. Shingo. Nikainua uso.

Hakuna kitu.

Nikapangusa macho kwa kiganja, nikatazama tena. Kichwa kipo, nywele zipo zimesukwa, masikio yapo, lakini pale panapotakiwa uso pamekaa laini kama yai. Hakuna pua. Hakuna midomo. Hicho kidoti ningekitafuta wapi?

Nilizunguka tena nikidhani labda uso uko upande mwingine. Ndiyo, nilifanya hivyo, na sioni aibu. Mtu akiamini jambo miaka yote hiyo haliachi kwa mara moja. Nilizunguka hadi mzee mmoja wa familia ya wageni akadhani nimepoteza mtu.

"Shemeji!"

Niligeuka. Mtunza bustani, amevaa buti za mpira, anaburuta bomba la maji. Sura nikaikumbuka kidogo kidogo. Alikuwa kibarua pale wakati wa ujenzi, yule aliyekuwa anachekecha mchanga na kokoto karibu na lango. Wenzake walimwita Kokoto.

"Si wewe wa kopo la bluu?" akasema huku akicheka. "Tulikuwa tunalisikia kwa harufu kabla halijafika. Yule bwana alikuwa anakula amegeukia ukuta ili asiombwe. Umepotelea wapi shemeji? Sijawahi kukuona humu."

Nilinyoosha mkono juu. "Uso uko wapi?"

"Wa nani?"

"Wa huyu."

"Hana."

"Naona hana! Ulikwenda wapi?"

Kokoto akatazama huku na huku, akalaza bomba kwenye majani, maji yakaendelea kutiririka. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetunza hadithi na hatimaye amepata wa kumpa.

"Shemeji, hivi mumeo hakukwambia?"

"Mume gani?"

"Haya basi, yule bwana. Kaa hapo."

Nikakaa kwenye kidole kikubwa cha mguu wa sanamu.

Akanieleza. Mchongaji alitengeneza kwanza mwanamke mzima kwa udongo. Kisha kila kipande, mguu, mkono, kichwa, kikafunikwa kwa plasta ngumu ili kupata kalibu, yaani ganda tupu lenye umbo lile kwa ndani. Ndani ya ganda hilo ndimo saruji inamiminwa. Lakini kabla ya kumimina, lazima ganda lipakwe mafuta mazito na sabuni kila mahali, hata kwenye tundu la pua, saruji isije ikashikana na plasta. Kila kipande kilikuwa na mtu wake wa kupaka. Kichwa alipewa yule bwana wangu.

"Asubuhi ile akapaka kisogo," Kokoto akasema. "Akapaka nywele, akapaka masikio. Halafu akasema mafuta yameisha, anatoka kidogo kutafuta mengine. Akatoka. Tunangoja, hayupo. Mafuta yenyewe ndoo nzima ilikuwa nyuma ya banda, tuliikuta baadaye. Alikuwa amekwenda... unajua alikokwenda."

"Najua."

"Akarudi mchana, shati limechomekwa vibaya. Mchongaji akamuuliza, kichwa tayari? Akajibu, tayari. Tukamimina. Ilipofika siku ya kubomoa ganda, miguu ikatoka safi, mikono safi. Tukaja kichwani. Kisogo safi. Mbele tunagonga, hakitoki. Tunagonga, hakitoki. Tukaingiza patasi, uso wote ukang'oka na plasta. Kama ukoko wa uji unavyong'oka na kijiko. Mchongaji akakaa chini akalia, mtu mzima na ndevu zake."

"Na yeye?"

"Yeye akasema saruji ilikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeichekecha! Kutengeneza upya muda haukuwepo, ufunguzi umekaribia. Basi mchongaji akachukua msasa, akapasugua pale siku mbili, pakawa laini hivyo. Siku ya ufunguzi akaja mkubwa mmoja, akatazama, akatikisa kichwa, akasema, ni fikra nzito sana, mama asiye na uso ni mama wa kila mtu. Watu wakapiga makofi. Mchongaji alikuwa amejikunyata nyuma, akanyoosha shingo, akasogea mbele, akasema ahsanteni."

Nilikuwa nimekunja mikono kifuani. Lilibaki swali moja, na ndilo lililokuwa limenikaa rohoni.

"Kokoto, kabla haujang'oka. Kwenye ule udongo. Ulikuwa uso wa nani?"

"Wa mama yake."

"Mama yake nani?"

"Mama yake mchongaji, nani mwingine? Alikuwa na picha yake ameibandika ukutani, anaitazama akichonga. Kibibi cha watu, mashavu yameingia ndani, pua hii hapa." Akajishika pua yake na kuivuta mbele. "Yule bwana wako hakuruhusiwa hata kugusa udongo. Kazi yake ilikuwa mafuta tu, shemeji. Na mafuta yenyewe ndiyo hayo."

Sijui nilianzaje. Nilisikia kitu kinapanda kutoka tumboni, nikadhani ni kilio, kikafika mdomoni kikatoka kicheko. Nilicheka nikaegemea mguu wa yule mama wa saruji, nikacheka machozi yakanitoka, Kokoto akacheka kwa kuniona mimi, mzee wa wageni naye akacheka bila kujua lolote. Maji ya bomba yakafika kwenye viatu vyangu vya harusini, yakavilowesha, na sikujali. Miaka yote nimezunguka ukuta! Miaka yote miguu yangu imelipa, na juu pale hapakuwa na mtu. Nilishusha pumzi ndefu ambayo nadhani niliivuta siku ile ya matone.

Nilipofika nyumbani nilimwambia binti, "Nitakuja kwenye picha."

Akaniangalia kwa wasiwasi. "Umeamuaje?"

"Nimekwenda kuiona. Mbona hukuniambia kwamba haina uso?"

"Mama, si kila mtu anajua? Nilidhani unajua. Nilidhani unaichukia kwa sababu baba aliijenga." Halafu akakunja uso. "Ulidhani ina uso gani?"

Nilimkumbatia, akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi ya harusi ilifika. Tuliwahi bustanini mimi na upande wetu, kisha wakaja wa kwa bwana harusi, na mwisho wakaingia wale wawili. Yule bwana amepungua nywele ila viatu ni safi vile vile. Sukari alikuwa amevaa nguo inayong'aa na kilemba kirefu, kidoti chake shavuni kimekozwa kwa wanja. Alikuwa katikati ya wakwe zetu, nikamsikia anawaambia, "Subirini. Mtashangaa. Sisemi kitu, mtajionea wenyewe."

Ndipo nikaelewa. Walihama kabla ya ufunguzi. Hakuwahi kuiona. Alidanganywa na yule yule aliyenidanganya mimi, tena yeye kwa muda mrefu zaidi, maana mimi nilitoka kwenye uongo huo Alhamisi.

Bwana yule alinifikia kwanza. "Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Nguo zilikauka?"

"Nguo zipi?"

"Basi zitakuwa zilikauka."

Hayo ndiyo maneno yote niliyompa. Nilikuwa na maghala ya maneno, nimeyaweka miaka yote nikiyanoa, na siku ile niliyapekua nikaona hayana kazi.

Sukari alikuwa amekwenda moja kwa moja kwenye sanamu, anatembea kama bibi harusi ni yeye, wakwe nyuma yake. Akazunguka. Akainua kichwa. Kilemba kikarudi nyuma, akakishika kwa mkono. Mmoja wa wakwe akauliza kwa heshima, "Tutazame wapi, dada?"

Akageuka taratibu. "Baba. Njoo."

Bwana akaja huku akitafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo.

"Uso uko wapi?"

"Eeh... si unajua mambo ya nje haya. Mvua. Mvua na jua, miaka mingi. Imelika."

"Imelika?"

"Saruji ilikuwa mbovu."

Kokoto alikuwa karibu anafagia majani, na nakuapia sikumwita. Akasimama akiegemea ufagio. "Mvua gani hiyo, kaka, inakula uso na kuacha kucha za miguu?"

Watu wote wakatazama kucha za miguu. Zilikuwa safi kabisa. Mtu akaguna, mwingine akakohoa kuficha kicheko, na mpiga picha, ambaye hakujua kinachoendelea, akapiga makofi: "Wazazi! Wazazi wa bibi harusi, haraka, mwanga unaondoka!"

Nikaenda. Nikasimama kulia kwa binti yangu, chini ya yule mama mkubwa asiye wa mtu. Binti akanishika mkono, akaubana kwa nguvu, akaninong'oneza, "Mama, usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka."

Picha iko ukutani kwangu sasa. Binti ametulia, mzuri kama nini. Baba yake kushoto anatazama viatu vyake. Mimi kulia nimefungua mdomo wote, pengo la jino linaonekana, na sijali. Pembeni kabisa, nusu yake imekatwa, yupo Sukari, hatazami kamera, ameinua shingo bado anatafuta. Sijamsamehe, na sina mpango huo. Lakini nikimwona pale najua maisha yake nayo ni shuka la kukunja wawili, na mwenzake wa kukunja ni yule bwana, na nashukuru si mimi.

Jumatatu nilirudi kazini. Rola likatema shuka, nikashika pembe zangu, Redio akashika zake. Tukavuta. Tukakung'uta. Tukasogeleana mpaka pua zetu zikakaribia kugusana.

"Redio," nikamwambia, "wewe si uliniapia umeiona ile sanamu? Pua, midomo, kidoti?"

Macho yakamwenda kwenye mashine, yakaenda darini, yakarudi.

"Niliiona, dada."

"Uliona nini?"

"Niliona kwa nyuma," akasema. "Nilikuwa na haraka. Lakini kwa nyuma ni yeye kabisa."

Nikampa pembe zangu, nikainama kuokota mkunjo.